Mdalasini Usagwe Wapi? Mjadala wa Mwembesongo

Hoja iliyo mezani ni hii: mwenye biashara ndogo wa Mwembesongo, aliyezoea kuuza mali ghafi, aanze kuzalisha bidhaa yake mwenyewe yenye jina lake, au abaki na kile anachokijua? Nimeipanga kwa sauti ambazo mkazi wa Manispaa ya Morogoro huzisikia mara kwa mara, na nimezipa majina ya kazi badala ya majina ya watu. Mama wa Viungo anauza mdalasini, iliki na pilipili manga kutoka Mkuyuni na Matombo. Mzee wa Kiwanda ni wa enzi za viwanda vya umma. Mwagizaji ana duka, na huleta mzigo kutoka China. Fundi anaunda na kutengeneza mashine za kusaga. Dada wa Chakula amesomea usindikaji. Mimi nitaingia pale nitakapoona lazima.

MAMA WA VIUNGO: Nianze mimi, maana ndimi ninayeambiwa kila semina, "ongeza thamani, ongeza thamani." Mdalasini wangu unatoka shamba la ukoo, upande wa mama kama ilivyo kwetu Waluguru. Unashuka mlimani ukiwa magome. Mwingine nauza mafungu Soko la Chief Kingalu, mwingine anachukua mtu wa Dar kwa gunia. Baadaye nauona umerudi dukani umesagwa, uko ndani ya kopo, kopo lina jina la mtu mwingine. Inaniuma. Lakini nikifikiria mashine, vifungashio, lebo, TBS, TRA, na huyo wa China nisiyemjua nimtumie hela ya kikoba, moyo unagoma. Fungu langu halinidai.

MZEE WA KIWANDA: Moyo wako una akili, binti yangu. Usikubali mtu akuondolee woga huo kwa maneno ya jukwaani. Hapa hapa Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu miaka ya 1970 kwa hela ya Benki ya Dunia. Mpango ulisema jozi milioni 4 kwa mwaka: tuvishe nchi nzima, kisha sehemu kubwa ipande meli kwenda Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa kabisa. Kuta zikawa za alumini, hewa haikutengewa njia, na joto la mji huu unalijua. Kiwanda kile hakijawahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Mwaka 1990 uzalishaji ukasimama. Hao walikuwa na wahandisi, wahasibu na serikali nyuma yao. Wewe una nini?

MWAGIZAJI: Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, unamtisha mama na mlima wakati yeye anaulizia ngazi ya kibarazani. Pale ilikuwa jozi milioni 4. Mama ana kilo tano za mdalasini.

MZEE WA KIWANDA: Marahaba. Hasara ya mdogo ni kubwa kuliko ya mkubwa, kijana. Benki ya Dunia haikulala njaa siku kiwanda kiliposimama.

Hapa nimsimamishe Mzee kidogo, kwa sababu kesi aliyoileta ndiyo nzito kuliko zote, na huwa inajibiwa vibaya. Hujibiwa kwa hamasa: thubutu, jiamini, usiogope. Mimi naisoma kinyume na anavyoisoma yeye. Kilichokosekana kwenye mpango ule ni woga wenyewe, ule wa mtu atakayeibeba hasara mgongoni. Mpango ulianzia kwenye milioni. Maswali ambayo Mama wa Viungo anayauliza kabla hajatoa shilingi (nani atanunua, kwa bei gani, na usipouzika nani analipa) yalisubiri mpaka majengo yamesimama. Kwa hiyo sikubaliani na wanaomwambia aache kuogopa. Namtaka auvunje woga wake vipandevipande, kila kipande akipeleke kwa mtu anayekijua. Tuone kama inawezekana.

DADA WA CHAKULA: Mama, tuanze na woga ulio halali kuliko wote, ambao hata hujautaja: kumdhuru mtu.

MAMA WA VIUNGO: Mdalasini utamdhuru nani, mwanangu? Tumekunywa tangu tunazaliwa.

DADA WA CHAKULA: Ukiwa gome kavu, ni kweli. Ukisagwa bado una maji na kufungiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, unavunda humo humo. Kwenye karanga na mahindi ni hatari zaidi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi waliyoyahifadhi wenyewe. Ndiyo maana jirani yako anayetaka kuanza unga wa lishe wenye karanga namwambia asubiri, apime kwanza. Wewe una bidhaa rahisi zaidi. Kausha kwenye kichanja, juu kutoka ardhini, funika na wavu, usianike mkekani pembeni ya barabara. Gome likivunjika kwa mlio mkavu bila kupinda, umefika karibu. Na ujue ukinunua gome bichi umenunua maji: kilo yenye maji asilimia 20, ukiikausha ikafika asilimia 10, inabaki gramu kama 890. Zile 110 umemlipa aliyekuuzia.

MAMA WA VIUNGO: Hilo nalijua mgongoni. Sikulijua kwa namba.

FUNDI: Sasa mashine. Mama, usinunue.

MWAGIZAJI: Fundi, wewe ndiye unayeuza mashine!

FUNDI: Ninauza, ndiyo maana najua ngapi zimelala chini ya turubai. Mtu anakopa kausha damu, ananunua mashine, anasaga gunia mbili, soko halijamjua, riba inakimbia. Anauza mashine nusu bei, na anayeinunua ni mimi. Mashine za kusaga zipo mtaani. Kodi kazi yake kwanza, chuma mwachie mwenyewe.

MAMA WA VIUNGO: Nilijaribu, baba. Mdalasini ukatoka unanukia dagaa.

Kauli hiyo ya Mama ndiyo kiini cha jambo zima, na watu wa semina hawaigusi. Mashine ya mtaani inasaga chochote kinacholetwa: mahindi, muhogo mkavu, pilipili kichaa, dagaa wa chakula cha kuku. Unga wa aliyetangulia unabaki kwenye chekeche, kwenye kona za chemba, kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga mdomoni. Mafuta ya mdalasini na iliki yanashika harufu haraka. Anayetaka unga safi hana budi kupatana na mwenye mashine apewe zamu ya kwanza alfajiri, mashine ikiwa imefunguliwa, imefagiliwa kwa brashi kavu, na mfuko wa kitambaa awe nao wake, asiuache pale hata siku moja. Kilo ya kwanza apitishe mahindi makavu au mchele ili yasafishe njia, kisha ayatupe kwa kuku. Akimaliza, apitishe sumaku kwenye unga wote. Fundi atueleze kwa nini.

FUNDI: Kwa sababu nyundo na chekeche za chuma cha kawaida zinalika. Chembe zinaingia kwenye unga, na macho hayazioni. Chukua sumaku kubwa, kama ya spika mbovu, ifunge kwenye nailoni safi, ipitishe taratibu. Utaona inavyoota ndevu. Sumaku hiyo hiyo nenda nayo siku utakayonunua mashine yako. Ukiambiwa hii ni stenlesi ya chakula na sumaku inang'ang'ania, usilipe kabla hujahakiki.

MZEE WA KIWANDA: Haya, amesaga. Bado anabahatisha. Hesabu iko wapi?

FUNDI: Tuipige hapa hapa, mzee, kwa bei za kuhesabia tu, kila mtu aweke zake. Kilo ya magome makavu shilingi 10,000. Kusaga 1,000. Vumbi likipotea, ubaki na gramu 950, ni pakiti 19 za gramu 50. Kifungashio na stika 300 kila kimoja, jumla 5,700. Kilo nzima imekula 16,700. Gawa kwa 19, pakiti moja imekugharimu kama 880. Ukiiuza jumla kwa 1,500, unabaki na 620.

MAMA WA VIUNGO: Na nisipouza hata moja?

FUNDI: Ukianza na kilo tano, yaani pakiti 95, umepoteza 83,500.

MAMA WA VIUNGO: Themanini na tatu na mia tano. Hiyo nimewahi kuipoteza kwa gunia moja la iliki lililonyeshewa njiani, barabara ya Bigwa kwenda Kisaki. Nikapona.

Naomba msomaji asipite haraka hapo. Kabla ya hesabu, Mama alikuwa anaogopa kitu kisicho na mwisho. Sasa anaogopa shilingi 83,500, na anajua amewahi kuzipoteza na biashara ikasimama tena. Hajawa jasiri zaidi ya alivyokuwa saa moja iliyopita. Ameona tu mpaka wa hasara yake. Hiyo ndiyo kazi ya hesabu ya awali, na kwa maoni yangu ina faida kwake kuliko andiko la mradi la kurasa 40.

MWAGIZAJI: Sasa niruhusuni niseme vifungashio, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Mama anauona mfuko mzuri wa rangi, wenye jina limechapwa juu yake, anautaka. Anaambiwa aagize maelfu. Anadhani anaonewa. Haonewi. Mfuko ule unachapwa kwa rola, na kila rangi ina rola yake iliyochongwa kwa ajili ya jina lako. Kuchonga kuna gharama hata ukitaka mifuko kumi. Ndiyo maana kiwanda kinakupa idadi kubwa. Njia ni kununua mifuko mitupu isiyo na maandishi, ya kusimama, yenye zipu, hata mia moja, kisha ubandike stika yako. Siku ukibadilisha namba ya simu au uzito, umetupa stika, hujatupa mifuko elfu kumi.

MZEE WA KIWANDA: Mifuko hiyo inatoka wapi? China. Shida yetu ni ile ile. Tunajenga kiwanda, lakini mfuko, mashine na nyundo vyote vinapanda meli.

MWAGIZAJI: Mzee, nakubaliana nawe kwamba inauma. Lakini mama asibebeshwe kosa la nchi. Anunue mfuko unaopatikana, Kariakoo au kwa wauzaji wa hapa, hata kama ni ghali kidogo kwa kimoja. Akifika mahali pa kuagiza mwenyewe, kuna utaratibu. Sampuli kwanza, ailipie, aishike mkononi, aijaze unga, aiache mwezi mzima aone kama harufu inatoroka. Halafu oda. Asitume hela yote. Viwanda vingi vinakubali asilimia 30 mwanzo, 70 mzigo ukiwa tayari, na kabla ya hiyo 70 adai video ya mzigo wake wenyewe, si picha ya matangazo. Alipe kwa njia inayoshikilia hela mpaka athibitishe, si kwa akaunti binafsi ya mtu anayemwita "rafiki." Na bei ya mfuko haiishii kiwandani. Aongeze usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Mfuko wa rahisi ukifika Moro unaweza kuwa ghali kuliko wa Kariakoo.

FUNDI: Na mashine je? Sema na lile la umeme.

MWAGIZAJI: Lile ndilo kaburi la wengi. Mashine inafika, nzuri, inang'aa, mota yake ni ya njia tatu, volti 380. Nyumbani kwa mama umeme ni wa njia moja, volti 230. Ama aombe TANESCO njia tatu, au mota ibadilishwe. Uliza kabla ya kulipa. Uliza pia namba za beringi na saizi ya mikanda.

FUNDI: Ikiwa beringi ni 6205 au namba nyingine ya kawaida, tutaipata mjini kwa siku moja. Ikiwa ni yao peke yao, mashine itasimama msimu mzima ikisubiri kitu cha ukubwa wa kikombe cha kahawa.

MAMA WA VIUNGO: Sasa karatasi. Mashine na mifuko nimeelewa. Ofisi ndizo zinazonikosesha usingizi. Nasikia nikiweka jina tu kwenye pakiti, wataniangukia wote siku moja.

DADA WA CHAKULA: Zamani ungekuwa na haki zaidi ya kuogopa, mama, maana chakula kilikuwa na milango miwili, TFDA na TBS. Tangu sheria ya fedha ya mwaka 2019, chakula na vipodozi viko TBS, na TFDA ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Mlango wako wa kwanza ni SIDO. Shirika hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya watu wenye ukubwa wako hasa, na ofisi ya mkoa ipo hapa Morogoro. Wanafundisha usindikaji, wanaangalia bidhaa, wanaandika barua ya utambulisho. Kwa barua hiyo TBS humhudumia mjasiriamali mdogo bila kumtoza katika kipindi cha mwanzo. Stika yako iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jinsi ya kuhifadhi, jina na anwani yako.

MAMA WA VIUNGO: Namba ya toleo ya nini, na mimi nasaga jikoni?

DADA WA CHAKULA: Ili siku pakiti moja ikiwa na tatizo, uzifuate zile 95 za siku hiyo tu, usichome mzigo wote. Daftari la shilingi elfu moja linatosha: tarehe, gome la nani, kilo ngapi, pakiti ngapi, zimekwenda duka gani.

MWAGIZAJI: Na jina lako lilinde. Kusajili jina la biashara BRELA hakukupi nembo. Alama ya biashara ina usajili wake, unaodumu miaka 7 kwa mara ya kwanza, na Zanzibar ni usajili mwingine kabisa. Wengi wanalijua hili baada ya kukuta jina lao kwenye kopo la mtu.

Kuhusu kodi nitasema kifupi, kwa kuwa hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Kwa anayekadiriwa, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Mama wa pakiti 95 kwa mwezi hajafika huko: kwa bei ya 1,500, mwaka mzima ni shilingi 1,710,000. Hata hivyo TIN aichukue, kwa sababu maduka makubwa hayatampokea bila hiyo.

MZEE WA KIWANDA: Mmezungumza vizuri, nakiri. Lakini mmezunguka swali langu la kwanza. Nani ananunua? Kiwanda cha viatu kilikuwa na beringi. Kilikuwa na karatasi. Kilikosa mnunuzi.

MAMA WA VIUNGO: Mnunuzi wangu namjua, baba. Wauza chai wa Msamvu, stendi pale, wanachemsha tangu usiku. Wanaopika pilau la shughuli. Hao wananunua kwangu magome na kuyatwanga wenyewe. Nikiwapa unga msafi kwa bei wanayoiweza, wataacha kinu.

MZEE WA KIWANDA: Hao watanunua kwa kijiko, hawahitaji mfuko wa zipu wala jina lako. Na maduka makubwa?

MAMA WA VIUNGO: Maduka yanataka mali kauli. Naacha pakiti, narudi baada ya mwezi, naambiwa rudi wiki ijayo.

Hapo Mzee ameshinda raundi, na nisingependa kuficha. Mali kauli inaua wazalishaji wadogo kuliko mashine mbovu. Mwenye mtaji wa pakiti 95 akiziacha zote kwenye rafu ya mtu asiyelipa kwa miezi miwili, amefunga kiwanda, hata kama bidhaa ni nzuri na nembo ya ubora ipo. Ushauri wangu ni kwamba robo tatu ya pakiti zake ziuzwe kwa hela mkononi, kwa wale wauza chai na wapishi, hata kwenye mfuko wa kawaida wa nusu kilo. Robo tu iende madukani kujenga jina, na duka lisilolipa toleo la kwanza lisipewe la pili. Faida itakuwa ndogo. Lakini Jumatatu atakuwa na hela ya kununua gome.

DADA WA CHAKULA: Na mkopo wa halmashauri? Asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba.

MAMA WA VIUNGO: Ulisimamishwa 2023, ukarudi. Naujua. Unataka kikundi, na vikundi vyetu vinavunjika kwa sababu kila mtu anataka afanye chake. Mmoja sabuni, mmoja batiki, mmoja kuku. Tukipewa hela tunagawana.

FUNDI: Basi msigawane. Nunueni mashine moja ya viungo tu, stenlesi, chumba kimoja chenye vigae na wavu dirishani. Anayeleta mdalasini analipia kusaga, anayeleta dagaa hapokelewi. Mimi nitaihudumia.

MZEE WA KIWANDA: Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza leo ambayo sina cha kuipinga. Ila nitataka nione daftari lake kila mwezi.

Uamuzi wangu katika mjadala huu ni kwamba Mama wa Viungo aanze, kwa kilo tano, kwa mashine ya kukodi, kwa mifuko mitupu na stika, bila mkopo wa kausha damu na bila kuagiza chochote nje ya nchi mwaka wa kwanza. Sera ya viwanda vidogo ya mwaka 2003 inamhesabu mwenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 kuwa mzalishaji kamili, wa ngazi ya chini kabisa lakini kamili. Halazimiki kufanana na mwenye kiwanda ili ahesabiwe.

Kinachobaki si juu yake peke yake. Kata ya Mwembesongo ina wanawake wanaouza viungo, ina mafundi, na mji huu una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa 1984, kinachofundisha sayansi ya chakula. Kinachokosekana ni chumba kimoja kisafi cha kusagia viungo, kinachokodishwa kwa kilo. Manispaa ya Morogoro na SIDO mkoa, naomba mkitenge: eneo, umeme wa njia tatu, na masharti ya usafi yaliyobandikwa mlangoni. Wanawake wa kikundi waachiwe wakiendeshe, wakilipie, na waonyeshe daftari.